Shahidi ni Nani? Kumbukumbu ya Mwalimu Wetu wa Historia

Katika yote ambayo mtu huyapata ujanani akayatumia hadi uzeeni, naona ilimu ya kupambanua habari ya yakini na habari ya dhana ndiyo inayostahili kutangulizwa, kwa kuwa mali huibiwa, nguvu hudhoofika na cheo huvuliwa, bali aliyezoezwa kuuliza shahidi wa jambo ni nani hubaki na mizani yake mkononi popote aendapo. Sisi tuliosoma historia katika Chuo Kikuu cha Burundi, mjini Bujumbura, katika miaka ya 1980, tulipewa mizani hiyo na mtu mmoja ambaye sasa ametangulia mbele ya haki. Alipokuwa hai hakupenda kutajwa kwa sifa, na jamaa zake wameomba desturi hiyo iheshimiwe baada yake. Kwa hiyo nitasimulia kazi yake na jina lake nitaliacha, nikitumai kwamba waliomjua watamtambua kwa mwenendo wake, na wasiomjua watanufaika kwa mafundisho yake.

Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, uliopimwa na Wabelgiji wakati wa utawala wao kwa njia zilizonyooka na kupewa nambari, wakakaa humo watu ambao asili zao zilikuwa Ujiji, Manyema, milima ya Burundi yenyewe na kwingineko, waliounganishwa na dini ya Kiislamu, biashara ya ziwani na lugha ya Kiswahili. Mtoto wa Buyenzi wa zamani zangu alilelewa baina ya wauza samaki wa ziwani, ndagala na mukeke, mafundi wa magari, na chuo cha Kurani. Na ingawa kampasi ya Mutanga, iliyo mlimani juu ya mji, ambako mtu akisimama huliona ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo yake, haikuwa mbali na kwetu, vijana wa mtaa wetu waliojaaliwa kusoma huko walikuwa wachache. Nilipofika nilikuta chuo ambacho umri wake haukuzidi wangu kwa mengi. Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura kilianzishwa mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru. Shule Kuu ya Ualimu ikafuata mwaka 1965. Kisha katika miaka ya 1970 vikaunganishwa. Ilimu ya historia ya nchi hii nayo ilikuwa ndiyo kwanza inaandikwa upya kwa mikono ya wenyewe. Jan Vansina, Mbelgiji, alikuwa amekwisha kukusanya masimulizi ya wazee na kuyachapisha katika kitabu mwaka 1972. Jean-Pierre Chrétien, Mfaransa, alikuwa amesomesha Bujumbura katika miaka ya 1960. Na Émile Mworoha, Mrundi, alikuwa ametoa mwaka 1977 kitabu chake juu ya watu na wafalme wa nchi za maziwa makuu. Vitabu hivyo mwalimu wetu alivipenda na kuviheshimu, lakini hakuturuhusu kuvisujudia.

Yeye alikuwa mtu wa milimani, upande wa Muramvya, mfupi wa kimo na mpole wa sauti, ambaye darasa zima lilinyamaza ili kumsikia badala ya yeye kupaza sauti ili asikiwe. Siku ya kwanza aliyotusomesha hakutoa tarehe hata moja. Alitutaka kila mmoja aandike ukurasa juu ya maisha ya babu yake, na tulipomaliza akatuamuru tuweke alama pembeni ya kila sentensi: alama ya kwanza kwa jambo tuliloliona kwa macho yetu, ya pili kwa jambo tuliloambiwa na aliyeliona, ya tatu kwa jambo tuliloambiwa na mtu aliyeambiwa, na ya nne kwa jambo ambalo watu wote husema na hakuna ajuaye nani alianza kulisema. Kurasa zetu zilijaa alama ya nne. Akazipitia bila ya kumcheka yeyote, kisha akasema kwamba hapana aibu katika kuwa na alama nyingi za nne, kwa maana ndiyo hali ya wanadamu. Aibu ni ya mtu anayeifuta alama ya nne na kuandika ya kwanza mahali pake. Kutoka siku hiyo mpaka tulipoagana naye baada ya kutetea tasnifu zetu, alama hizo nne hazikutuacha, na hadi leo wanafunzi wake wa zamani wakikutana, mmoja akisimulia jambo, mwenzake atamuuliza alama yake ni ipi.

Nilipoyasikia mafundisho hayo niliyaona kama jambo ninalolijua, kwa kuwa chuoni Buyenzi ustadhi wetu hakusoma hadithi ya Mtume pasipo kututajia kwanza mlolongo wa wapokezi wake, fulani kutoka kwa fulani, hadi kufika kwa aliyesikia mwenyewe. Nikamweleza mwalimu. Yeye, ambaye alikuwa Mkatoliki na hakuwahi kukaa na maulamaa wa Kiislamu, hakuridhika na maelezo yangu, akaniomba nimpeleke kwa shehe wetu. Wakakaa barazani tangu baada ya adhuhuri hadi karibu na magharibi, shehe akimwita "Mwalimu" naye akimwita "Shehe wangu", wakizungumza Kiswahili na Kirundi kwa zamu. Mwalimu aliuliza kama mpokezi mwenye kumbukumbu kali lakini mwenye tabia mbaya hukubaliwa, na shehe akamfafanulia kwamba wanazuoni walitaka mambo mawili kwa pamoja, uadilifu wa mtu na uthabiti wa hifadhi yake, na kwamba mlolongo uliokatika hata mahali pamoja huidhoofisha habari, ijapokuwa maneno yake ni mazuri; akamtajia Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, ambaye alisafiri miji mingi ili asikie kwa masikio yake na kuchuja. Mwalimu aliandika yote katika daftari lake. Wiki iliyofuata aliliambia darasa, mbele ya vijana ambao wengi wao walidhani kwamba Buyenzi hakuna ilimu ila ya kutengeneza gari, kwamba mtaani mle mna elimu ya ushahidi ambayo ni ya kale kuliko vyuo vikuu vya Ulaya. Tangu hapo nilijua kwamba kumheshimu mwanafunzi ni kuiheshimu pia nyumba aliyotoka.

Safari aliyotupeleka Mugere, kusini ya mji, imebaki kuwa kisa tunachokisimulia sote. Huko kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871, na watu wengi wa Bujumbura hupenda kusema kwamba hapo ndipo wasafiri hao wawili walipokutana kwa mara ya kwanza. Mwalimu alitusimamisha mbele ya jiwe akatuuliza jiwe linasema nini. Mmoja wetu akajibu kwamba linasema walikutana hapa. Akamtaka asome tena, neno kwa neno. Na aliposoma akaona kwamba jiwe limetaja majina na siku tu, wala halikutaja kukutana. Ndipo alipotueleza kwamba walikutana Ujiji kabla ya hapo, na kwamba hata siku yenyewe ya Ujiji wanazuoni wanahitilafiana, kwa kuwa Livingstone, kwa maradhi na upweke, alikuwa amepotewa na hesabu ya siku; kisha wakapanda chombo pamoja kuja kaskazini ya ziwa ili watazame mto Rusizi, kama unatoka ziwani au unaingia. Wasafiri wa kabla yao, Burton na Speke, walifika Uvira mwaka 1858 wasiweze kuufikia mto huo, wakaambiwa na wenyeji kwamba unaingia ziwani. Livingstone na Stanley walifika mdomoni mwake wakaona ni kweli. Hapo mwalimu alitukumbusha jambo ambalo mwanafunzi mwenye haraka angelisahau, ya kwamba wenyeji wa Uvira walisema kweli miaka 13 kabla ya wageni kuiona, na kwamba habari ya kusikia si uongo kwa kuwa ni ya kusikia, ilimradi tujue imetoka kwa nani, alikuwa wapi, na alipata nini kwa kuisema.

Kipimo hicho ndicho alichotupa tulipoingia katika suala la asili ya ufalme wa Burundi, ambalo mpaka leo lina uzito. Masimulizi juu ya Ntare Rushatsi, mfalme wa kwanza, yamegawanyika katika mafungu mawili: moja, ambalo wanahistoria huliita la Nkoma, humleta kutoka Buha, upande wa kusini-mashariki, na jingine, la Kanyaru, humleta kutoka kaskazini, upande wa Rwanda. Mtu mvivu huchagua linalompendeza. Mwalimu alitukataza kuchagua kabla ya kuandika, kwa kila simulizi, nani aliyelisema, anakaa kilima gani, mwaka gani lilipokewa, mbele ya nani, na baba zake walikuwa na kazi gani katika ufalme. Na tulipoyapanga hivyo tuliona wenyewe kwamba simulizi hufuata mahali na watu, kwamba wako waliokuwa na haja ya kuukaribisha ufalme na Rwanda, na wako banyamabanga, walinzi wa siri na makaburi ya wafalme, waliokuwa na kumbukumbu zilizotunzwa kwa taratibu zao.

Katika kutupeleka kwa wazee alikuwa mkali wa adabu kuliko mkali wa kalamu. Mwanafunzi hakuruhusiwa kufika kwa mzee mikono mitupu, wala kutoa daftari kabla ya kuulizana hali, wala kumkatiza mzee anapopotea njia, kwa maana alisema kwamba mara nyingi njia anayopotea mzee ndiyo inayokwenda kwenye jambo ambalo hatukujua kuliuliza. Mwenzetu mmoja alirudi na tasnifu nzuri juu ya ugomvi wa ardhi wa zamani baina ya koo mbili, imeandikwa kwa ufasaha na kupigwa taipu yote. Mwalimu akamrudisha milimani, kwa kuwa mashahidi wake wote walikuwa wa ukoo mmoja. Alimkumbusha mwenendo wa bashingantahe, wazee waamuzi wa kilima, ambao kabla ya kupiga chini intahe, fimbo yao, na kutoa hukumu huwasikiliza wadai wote wawili na mashahidi wao, mbele ya watu, na ambao hutawazwa hadharani baada ya kuangaliwa tabia zao kwa muda mrefu. Mwenzetu alinung'unika, akaenda, na aliporudi tasnifu yake ilikuwa nusu yake mpya.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwalo namwandikia kumbukumbu hii. Watu wetu husema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwalimu aliusikia usemi huo kwangu, akautafakari, akasema kwamba katika nchi hii umekuwa wa kweli kwa namna ya kutisha, maana mara nyingi lisilokuwapo limekuja kwa sababu lilisemwa. Hakuongeza neno, na sisi hatukumwuliza, kwa kuwa katika miaka ile mauaji ya 1972, yaliyochukua roho za watu kwa makumi ya maelfu, wakiwamo wanafunzi wa chuo na wa shule za sekondari na walimu wao, yalikuwa hayazungumzwi hadharani. Darasani mwetu walikaa bega kwa bega vijana walioondokewa na baba mwaka ule na vijana walioambiwa nyumbani habari nyingine kabisa juu ya mwaka huohuo, na kila mmoja alikuwa na ukurasa wake moyoni usiotiwa alama. Mwalimu hakuweza kutusomesha mwaka 1972. Alichoweza ni kutupa njia ya kuusoma utakapofika wakati wake, bila ya chuki na bila ya kuficha, na hilo alilifanya kwa ikhlasi.

Wakati huo ulitukuta mapema, na ulitukuta katika dhiki. Agosti 1988 damu ilimwagika Ntega na Marangara. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia vitani. Juni 1995 wanafunzi waliuawa usiku katika kampasi ileile ya Mutanga tuliyosomea. Kila mara, kabla ya panga na bunduki, yalitangulia maneno: wenzao wanajiandaa, orodha imekwisha andikwa, leo usiku ndiyo siku. Hofu ilikuwa na sababu zake, kwa maana mauaji yalikuwa yamekwisha kutokea na wenye kuyatenda walikuwa hai; lakini uvumi uliigeuza hofu kuwa ruhusa, mtu akamtangulia jirani yake kwa kosa ambalo jirani hakulitenda. Mitaa mingi ya Bujumbura ilitengwa katika miaka hiyo, huku wakafukuzwa hawa na kule wakafukuzwa wale. Buyenzi ilibaki na watu wa kila asili, ikawapokea Wahutu na Watutsi waliokimbia. Sidai kwamba somo la mwalimu mmoja liliuhifadhi mtaa wetu. Udugu wa dini, ndoa zilizochanganyika na busara ya wazee ndivyo vilivyobeba mzigo huo. Ninalolijua kwa alama ya kwanza ni kwamba jioni moja, mtu alipokuja barazani akitweta na habari ya kundi linalokuja kutoka mtaa wa pili, shehe yuleyule, mzee sana wakati huo, alimwuliza: "Umewaona wewe, mwanangu, au umeambiwa? Na aliyekuambia yuko wapi?" Wakatumwa vijana wawili kutazama, wakarudi wakasema njia ni nyeupe. Watu wakarudi majumbani mwao.

Mwalimu alipofariki, wanafunzi wake tulikutana siku ya kuganduka, ambayo kwa mila ya Burundi hufanywa yapata mwaka baada ya maziko ili matanga yaondolewe rasmi, na wasemaji wakasimama mmoja baada ya mwingine. Alisimama hakimu, akasema kwamba hakupata kumhukumu mtu kwa ushahidi wa alama ya nne, ijapokuwa alishinikizwa. Alisimama mwandishi wa redio, aliyeanza kazi katika miaka ileile ambayo Studio Ijambo, iliyoanzishwa Bujumbura mwaka 1995, iliwatuma watangazaji wa Kihutu na wa Kitutsi pamoja kwenye tukio moja ili habari ithibitishwe na macho ya pande mbili. Akasema kwamba alipoyaona hayo aliona darasa la mwalimu limetoka nje ya kuta. Alisimama mwalimu wa shule ya kijijini, mama wa makamo, akasema kwamba kila mwaka huwapa watoto ule ukurasa juu ya babu, na kwamba kuna mzazi aliyekuja kumshukuru kwa kuwa mtoto alimfanya aseme, kwa mara ya kwanza, yale aliyoyaona mwenyewe akiwa mdogo. Hao watu wa kazi mbalimbali, na wa asili ambazo vita vilitaka kuzitenganisha, walikuwa wakisema lugha moja, wala hapana aliyeipanga hotuba yake na mwenzake.

Niliposikiliza nilizingatia kwamba watu humsifu mwalimu kwa wingi wa aliyoyajua, na wetu alijua mengi. Lakini hatukukusanyika kwa ajili ya hayo, kwa maana mengi aliyotusomesha yamekwisha kusahihishwa na utafiti uliofuata, na yeye mwenyewe angelifurahi kusahihishwa. Tulikusanyika kwa ajili ya tabia aliyotuachia, nayo haikuingia kwa mawaidha. Iliingia kwa kumwona akirudi mwenyewe kwa mzee wa kilima kumwomba radhi kwa jina aliloliandika vibaya, kwa kumwona akiandika maneno ya shehe kwa taadhima ileile aliyoandikia maneno ya maprofesa, na kwa kumwona akikiri darasani kwamba jambo fulani halijui. Kijana hufuata aonacho, na mwalimu asiyefuata kanuni yake mwenyewe huwafundisha wanafunzi wake kuivunja.

Haja ya kanuni hiyo haijapungua. Tume ya Ukweli na Maridhiano, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2014, imefukua makaburi ya halaiki, yakiwamo ya Karusi karibu na mto Ruvubu mwaka 2020, na mifupa imehesabiwa. Lakini mfupa hausemi jina lake wala haumtaji aliyeuleta pale, na waliobaki wenye kuyajua hayo kwa macho wanaendelea kupungua kila mwaka. Wakati huohuo simu ya mkononi humfikishia mtu mmoja kwa saa moja uvumi ambao zamani ungechukua wiki kutoka Rumonge hadi Ngozi, tena bila ya jina la mpokezi hata mmoja. Anayewapenda watu wake hana budi kufanya kazi mbili kwa pamoja, kuzuia isienee habari isiyo na mwenyewe, na kuhifadhi isipotee habari iliyo na mwenyewe.

Sisi tuliosomeshwa naye tumeafikiana kwamba shukrani yetu iwe ni kuifanya kazi hiyo kila mmoja nyumbani kwake, nami namwusia msomaji aifanye naye, awe wa Buyenzi au wa Muramvya, wa Kigoma au wa Uvira. Akae na mzee wake angali na pumzi, amsalimu kwa adabu, amsikilize bila ya kumkatiza, aandike jina lake na kilima chake au mtaa wake na mwaka, na pembeni ya kila neno aweke alama yake kwa insafu: hili aliliona, hili aliambiwa na aliyeliona, hili lilipita kwa wengi. Na pale ambapo hapana aliyeona, aandike vivyo hivyo kwamba hapana aliyeona, ili watakaokuja baada yetu wasije wakamhukumu mtu yeyote kwa kauli isiyo na shahidi.